Treni ya Rajdhani, Mumbai–Delhi: dalali kaniuzia foleni badala ya kitanda!

Wakuu, nimechafukwa. Nikikosea herufi mnivumilie.

Mama katoka Dar, kashuka Mumbai, anakwenda Delhi kwenye matibabu ya goti. Kukaa kitako usiku kucha hawezi, ndiyo maana nikang'ang'ania Rajdhani: AC daraja la pili, kitanda cha chini, shuka na blanketi unapewa, unalala ukiamka umefika. Ni treni zinazoheshimika India tangu 1969, treni nyingine nyingi zinasimama kando kuzipisha.

Kukata mwenyewe mtandaoni kulinishinda, nikaenda kwa dalali. Akataja nauli hadi nikaguna. Eti imepanda. Hapo tusimwonee: tangu Septemba 2016, kila asilimia 10 ya vitanda ikiuzwa, nauli ya Rajdhani inaongezwa asilimia 10 hadi ifike ukomo wake. Kitanda kilekile, shuka lilelile, aliyechelewa anakamuliwa kama chungwa! Na daraja la kwanza, la wenye hela zao, halimo kwenye utaratibu huo.

Nikalipa. Karatasi imeandikwa WL 14. Nikauliza, WL ndiyo behewa gani? Akacheka. "Usijali dada, itakaa sawa."

WL ni orodha ya kusubiri, jamani! Saa kadhaa kabla ya safari wanafunga orodha ya abiria. Tiketi ya mtandaoni ikibaki WL inajifuta yenyewe, kupanda huruhusiwi. Bora hata ingefika RAC, yaani unapanda ila mnakaa wawili kwenye kitanda kimoja, ingawa kwa goti lile nayo ni adhabu.

Tumefika stesheni ya Mumbai Central na mabegi yetu, mama anachechemea, jina halipo. Nampigia dalali, simu inaita mpaka inakata.

Uchungu wangu hasa uko hapa: tiketi ya namna hiyo ikifutika, fedha zinarudi kwenye akaunti iliyolipia. Iliyolipia ni ya nani? Yake! Yaani nimemkopesha mwizi nauli.

Mama yuko gesti, kaniambia "mwanangu, si turudi tu?" Nimekosa jibu.

Mnaoishi huku, nitathibitishaje kwamba fedha zilirudi kwake? Ile PNR, namba ya tiketi yenye tarakimu 10, ninayo. Na wewe unayetaka kukata kwa dalali, piga 139, simu ya reli ya India, uulize PNR yako kabla hujatoa hata rupia moja.

Wa "ungepanda ndege" pita kushoto, sina nguvu na wewe leo.