Nimeripoti mkunga mwenzangu kwa kumpiga mzazi leba, sasa barua ya kujieleza naandikiwa mimi

Zamu ya Usiku ameuliza:

Habari zenu wakuu, hasa mlio kwenye afya na utumishi wa umma. Naomba mawazo yenu, maana hili jambo linaninyima usingizi.

Ni muuguzi mkunga ngazi ya diploma, mwajiriwa wa halmashauri moja Kanda ya Ziwa. Hospitali sitaitaja. Niko leba tangu nianze kazi na leba naipenda, sijawahi kuomba kuhamishwa.

Usiku huo tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja ambaye ni mkubwa kwangu kikazi, pamoja na mhudumu wa afya. Alikuwepo binti mdogo, uzazi wa kwanza, njia imeshafunguka sentimita 10. Kila uchungu ukija anabana miguu. Ni woga tu, hakuna aliyekuwa amemweleza chochote. Yule dada akamzaba vibao mapajani mpaka alama za vidole zikabaki, akamwambia yale maneno ambayo wengi tumeyasikia tangu tukiwa wanafunzi: "Wakati unafanya ulikuwa unalia hivi?" Binti akanyamaza kabisa, akawa anauma pindo la kitenge. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Kondo lilipotoka tu, yule dada akamletea dekio, akamwambia afute damu yake sakafuni ndipo apelekwe wodini. Nililichukua lile dekio nikafuta mimi. Mhudumu alikuwa amesimama pale pale.

Asubuhi kwenye makabidhiano nikamwambia inchaji, msimamizi wa wodi. Akasema "tutaliongea". Halikuongelewa. Nikaandika kwenye daftari la ripoti, kisha barua kwa metroni, mkuu wa wauguzi: tarehe, saa, waliokuwepo, nilichokiona, maneno yaliyosemwa. Sikuandika neno la kumhukumu mtu.

Tangu hapo hakuna aliyeniambia "tunakuadhibu". Ratiba ilipotoka, jina langu lilikuwa usiku mtupu. Kwenye posho ya zamu za ziada simo. Wodi ikafungua kundi jipya la WhatsApp, mimi sikuunganishwa. Na msidhani kundi ni jambo la umbea tu. Usiku mmoja mama alianza kuvuja damu baada ya kujifungua, nafungua friji ya leba, sindano za oksitosini, dawa ya kuzuia damu, hakuna. Zilihamishiwa friji ya famasi mchana, taarifa ilitolewa kwenye kundi. Nilikimbia koridoni kumtafuta mwenye funguo huku mhudumu amebaki anamkanda mama tumbo. Mama alipona. Ila niulizeni, angefariki yule mama, barua ingeandikwa kwa nani?

Sasa nimeandikiwa ya kwangu. Natakiwa nijieleze kwa nini ampuli (vichupa) za oksitosini zinapungua kwenye zamu zangu. Na nimedokezwa kwamba uhamisho unaandaliwa kwenda zahanati ya mbali "kwa maslahi ya umma". Yule mhudumu, ambaye mkataba wake ni wa muda, sasa anasema hakuona kitu. Simlaumu, ana watoto.

Wenzangu wawili wananishauri niandike barua ya kufuta maelezo yangu, yaishe. Je, kuna sheria inayonilinda? Hii barua niijibuje? Niende Baraza la Uuguzi na Ukunga moja kwa moja?

---

Bibi Mkunga amejibu:

Mwanangu, pole sana. Nimestaafu, leba nimeifanya maisha yangu yote, na ninakuandikia kama mama yako. Usifute hata nukta moja.

Nikueleze kwa nini ushahidi wako ni mzito kuliko unavyofikiri. Kuna utafiti ulifanyika mkoani Tanga, akina mama wakahojiwa walipokuwa wanatoka kituoni baada ya kujifungua. Asilimia 19 walisema walitendewa vibaya, ama walitukanwa, ama walipigwa, ama walitelekezwa. Baadhi yao walipofuatwa tena baada ya wiki kadhaa, wakiwa nyumbani kwao, ikawa asilimia 28. Mama akiwa bado kwenye jengo letu, na kadi ya mtoto iko mikononi mwetu, hasemi. Anaogopa atakutana na sisi kliniki. Kwa hiyo saa ile ya tukio, mwenye uwezo wa kusema ni muuguzi aliyesimama kando. Akinyamaza huyo, lile jambo halikutokea.

Na hayo maneno aliyoambiwa binti, nilianza kuyasikia nikiwa mwanafunzi, kutoka kwa sista tuliyekuwa tunamheshimu mno. Tuliambiwa kibao kinaokoa mtoto. Si kweli. Binti akibana miguu, unamgeuza alale ubavu, unamshika mkono, unamwambia uchungu unaofuata utafanya hivi na hivi. Kama mama yake yuko nje, unamwita aingie. Nimezalisha mabinti waoga wengi kwa njia hiyo, na wenzangu walikuwa wanasema ninawadekeza. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2014 kwamba kila mwanamke ana haki ya kuheshimiwa anapojifungua. Lilitoka mimi nikiwa bado kazini, nikalibandika ukutani. Lilibanduliwa, nikalibandika tena.

Binti huyo umeshamjulia hali? Nenda kama mkunga wake, si kwa ajili ya kesi. Akitaka kulalamika mwenyewe, mwelekeze kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Asipotaka, mwache apumzike na mtoto wake.

---

Mwana wa Wodi amejibu:

Mimi nitasema tofauti na mtanisamehe. Mleta mada ulianzia juu mno. Yule ni mwenzako, mnashika zamu pamoja, ungemwita pembeni kwanza. Watu hawajui usiku wa leba ulivyo: wakunga wawili, wazazi vitanda vyote na wengine chini, glavu za kuhesabu, mtoto mapigo ya moyo yanashuka na mama anabana miguu. Mkunga anachoka mpaka akili inasimama. Sitetei kibao. Nasema ripoti yako inamwangusha mtu mmoja, na upungufu wa watumishi unabaki palepale.

---

Bibi Mkunga amejibu:

Mwana wa Wodi, uchovu naujua. Lakini dekio lile halikuwa la uchovu. Mtu aliyechoka angekaa kwenye kiti. Yeye alipata nguvu ya kwenda kulichukua na kulileta kwa mzazi ambaye damu haijakata. Na mleta mada hakuanzia juu, alianza kwa inchaji wake, akaambiwa "tutaliongea".

---

Katibu wa Tawi amejibu:

Nimekuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye halmashauri kwa muda mrefu, kesi za aina yako zinafanana sana. Mtoa taarifa haadhibiwi kwa taarifa aliyotoa. Anatafutiwa jambo jingine: dawa zimepungua, umechelewa, una lugha mbaya kwa viongozi. Ndiyo maana barua yako inaongelea oksitosini na si vibao. Kwa hiyo ijibu kuhusu oksitosini tu, na uijibu kwa namba.

Fungua kitabu cha MTUHA namba 12, ile rejesta ya wanaojifungua, hesabu wazazi wote waliojifungua kwenye zamu zako kwa kipindi wanachokitaja. Kila mama anachomwa yuniti 10 mara mtoto anapozaliwa, ambayo ni ampuli moja. Aliyevuja damu anaongezewa kwenye dripu, na hizo unazikuta kwenye faili lake. Jumlisha, linganisha na rejesta ya dawa. Kama ampuli zilihamishwa friji bila kuandikwa, sema tarehe na nani alikuwa na funguo. Andika kwa heshima, usitaje ugomvi. Mwishoni weka sentensi moja tu: kwamba barua hii imekuja baada ya wewe kutoa taarifa ya tarehe fulani kuhusu mzazi kupigwa, na kwamba taarifa hiyo bado hujajibiwa. Ipeleke masjala nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri watakuambia hawajaiona.

Kumbuka pia kwamba barua ya kujieleza siyo hati ya mashtaka. Watu wengi hupaniki hapo, wanaandika kuomba msamaha kwa kosa ambalo hawakulitenda, na ule msamaha ndio unageuka ushahidi.

Sheria ipo. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamgusa anayetoa taarifa kwa nia njema kuhusu uhalifu, uvunjaji wa sheria, au afya na usalama wa mtu kuhatarishwa. Kumpiga mgonjwa kumo humo. Inakataza mtoa taarifa kufukuzwa, kusumbuliwa au kuhamishwa kinyume na matakwa yake kwa sababu ya taarifa hiyo. Lakini sikiliza hapa: inalinda taarifa iliyopelekwa kwa mamlaka husika, mkubwa wako wa kazi akiwemo. Ukimwaga mambo Facebook unatoka nje ya huo ulinzi. Hapa hujataja kituo wala mtu, endelea hivyo hivyo.

Uhamisho. Ikitoka barua, soma kila neno. Anayehamishwa na mwajiri kwa maslahi ya umma ana stahili zake, nauli, mizigo, posho ya kujikimu. Aliyeomba mwenyewe halipwi. Sasa kuna mtindo wa kumwita mtumishi ofisini, anaambiwa "andika tu barua ya kuomba, itakusaidia, mambo yatatulia". Usiandike. Ukishaomba, umewapa kila kitu: hakuna adhabu, hakuna malipo, na hakuna wa kumlalamikia.

Baraza la Uuguzi na Ukunga linapokea malalamiko ya kitaaluma kwa maandishi, unaweza kwenda. Ningekuwa wewe ningemaliza ngazi ya mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, kwanza, halafu Mkurugenzi wa halmashauri, ili Baraza likiuliza "ulimwambia nani?" uwe na mihuri mkononi. Adhabu ya nidhamu ikitoka, rufaa zipo mpaka Tume ya Utumishi wa Umma. Kwa msomaji aliye hospitali binafsi njia ni nyingine: ukiachishwa kazi unaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Ukizembea siku, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda.

---

Mlezi wa Ughaibuni amejibu:

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Uingereza, nilitoka Dar nikiwa muuguzi. Msidhani huku ni rahisi. Mwenzetu mmoja aliripoti mzee kuburutwa mkono mpaka ukavimba. Hakufukuzwa. Saa zake zilipunguzwa, na viza yake ilikuwa imefungwa kwa mwajiri huyo huyo. Mwajiri akiondoa udhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke. Kwa hiyo watu wanaona na wanameza. Sheria ya kulinda watoa taarifa hapa ipo tangu 1998.

Mambo mawili ya kwenye rekodi yanaweza kumsaidia dada. Kwenye hospitali ya Winterbourne View karibu na Bristol, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walikuwa wanapigwa. Muuguzi Terry Bryan aliwaambia wakubwa, akaiandikia na mamlaka ya ukaguzi, hakusikilizwa. Akaenda BBC, kipindi kikaonyeshwa Mei 2011, na mwaka uliofuata watu 11 wakatiwa hatiani. La pili ni la muuguzi Margaret Haywood. Alirekodi kwa siri wazee walivyokuwa wanatelekezwa wodini Brighton, ikaonyeshwa 2005. Mwaka 2009 akafutwa kwenye rejesta ya wauguzi, kosa likiwa kuvunja siri za wagonjwa. Hakuna aliyesema amedanganya. Kelele zilipopigwa na kesi kufika Mahakama Kuu, alirudishwa kwa onyo la mwaka mmoja.

Kwa hiyo dada yangu, usipige picha ya yule binti, usipige picha ya faili wala ya rejesta ukaitunza kwenye simu. Nakili tarehe na namba kwenye daftari lako bila jina la mgonjwa. Watakutafutia kosa hapo kwanza.

---

Zamu ya Usiku amejibu:

Asanteni sana. Bibi, shikamoo. Binti nilikutana naye kliniki, mtoto anaongezeka uzito vizuri. Nilimpa pole. Aliniuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo haikuwa kosa langu?" Nikamwambia hapana. Kulalamika hataki kwa sasa, nami sitamsukuma.

Mwana wa Wodi, upungufu wa watumishi ni kweli na nitauandika kwenye barua hiyo hiyo, kwa sababu na wenyewe unaua. Ila siwezi kuusubiri uishe ndipo nikatae mzazi kupigwa.

Katibu, nimekaa na MTUHA namba 12 leo mchana badala ya kulala. Ampuli zinatimia zote isipokuwa zamu mbili, na zote mbili kuna mama aliyevuja damu, dripu imeandikwa kwenye faili. Rejesta ya dawa ndiyo haikujazwa siku zilipohamishwa, na aliyezihamisha hakuwa mimi. Nimeitwa na afisa utumishi pia, na kweli ameniambia niandike kuomba uhamisho, "kwa faida yako". Nimemwambia naomba ushauri huo aniandikie kwa barua. Amesema basi.

Barua yangu ya kufuta maelezo haitakuwepo. Kesho napeleka majibu masjala, nakala mbili. Kuna jambo moja bado sijalipata: mganga mfawidhi akikaa kimya kama metroni, nisubiri muda gani kabla ya kwenda kwa Mkurugenzi?

---

Katibu wa Tawi amejibu:

Mpe wiki mbili, na uiandike tarehe hiyo ndani ya barua yenyewe: "Nisipopata majibu ifikapo tarehe fulani nitawasilisha kwa Mkurugenzi." Nakala nyingine mpe katibu wa tawi lenu. Kikao chochote ukiitwa kuanzia sasa, usiende peke yako, sema unakuja na mwakilishi wa chama.