Tamsulosini kwanza, au jicho kwanza?

Mwanzisha mada: Wakuu, mzee ana tezi dume iliyotanuka, na papo hapo ana mtoto wa jicho. Msimamo wangu: asianzishiwe tamsulosini mpaka jicho lipasuliwe. Dawa hii hulegeza tezi kwa kuziba vipokezi vya alfa-1A (sehemu za seli zinazopokea amri ya msuli kukaza), na vipokezi hivyo hivyo ndivyo vinavyoendesha msuli wa kufungua mboni. Mwaka 2005 Chang na Campbell wa Marekani walieleza kinachotokea mezani: airisi (sehemu ya jicho yenye rangi, inayozunguka mboni) inapepea, inachungulia kwenye tundu la kisu, na mboni inazidi kusinyaa. Hapo ni rahisi kuchana kapsuli ya nyuma ya lenzi, yaani utando unaoifunika.

Daktari wa mkojo: Na foleni ya macho ikiwa miezi minane? Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka mwaka 2009 ulifuatilia wanaume 96,128 wa miaka 66 na zaidi. Kweli, waliotumia tamsulosini ndani ya siku 14 kabla ya upasuaji walikuwa na uwezekano wa madhara makubwa mara 2.33. Lakini geuza hesabu: ni dhara moja la ziada kwa kila watu 255. Anayenyimwa dawa anaweza kuzibwa mkojo kabisa akaishia kuvaa mpira wa mkojo. Finasteridi, dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi, si mbadala wa haraka, inachukua miezi.

Mfamasia: Kuna njia ya kati: asimamishe wiki mbili kabla. Utafiti huo huo haukuona ongezeko la maana kwa walioacha zaidi ya siku 14.

Daktari wa macho: Hapo nakataa, mkuu. Takwimu zile zilitoka kwenye kumbukumbu za dawa na huduma. Hazisemi airisi ilikuwaje wala daktari alitumia vifaa gani. Airisi legevu imeonekana hata kwa walioacha dawa miaka kadhaa. Halafu wengine humsimamishia mzee dawa kisha wanampa matone ya atropini ili mboni itanuke. Atropini nayo inaweza kuzuia mkojo! Umemfunga pande zote mbili.

Kinachookoa ni daktari kujua mapema. Mwaka 2007 Chang na wenzake walipasua macho 167 ya watumiaji wa tamsulosini wakijua wanachokabili. Kapsuli zilizochanika zilikuwa asilimia 0.6. Feniliefrini (dawa ya kutanua mboni) ndani ya jicho, jeli nzito, mtiririko wa maji upunguzwe, na kulabu za airisi au pete ya milimita 6.25 ya kushikilia mboni wazi ziwe mezani kabla ya kukata. Usivute mboni kwa nguvu. Airisi hii inarudi kama mpira.

Mwanzisha mada: Hayo ni ya hospitali yenye mashine. Kambi za macho hutoa kiini kizima cha lenzi kwa mkono. Mboni ndogo pale ni balaa, na pete haipo. Basi kama dawa ni lazima, kwa nini isiwe alfuzosini, dawa nyingine ya kulegeza tezi?

Daktari wa mkojo: Alfuzosini naikubali kwa mgonjwa mpya mwenye mtoto wa jicho. Hatari yake ni ndogo zaidi, ila ipo. Aliyekwisha kunywa tamsulosini, kumbadilishia hakufuti kitu.

Muuguzi wa macho: Fomu zetu zinauliza “unatumia dawa gani?” Mzee anataja ya presha tu. Ulizeni hivi: “Umewahi kunywa dawa ya kusaidia mkojo, hata miaka ya nyuma?” Na akina mama waulizwe pia, wapo wanaopewa tamsulosini kwa mawe ya figo.