Mjadala: Mwigizaji wa nafasi ndogo Ufaransa alipwe hata siku asizo na kazi?

Pazia Jekundu: Wadau, tuamue hili. Ufaransa, mwigizaji akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, bima ya wasio na ajira inamlipa siku ambazo hana kazi. Wapo wanaosema ni kulea wavivu. Mimi nasema mkiufuta mpango huo, karani, baba mkwe na mlinzi wa mlangoni hawatakuwa na wa kuwaigiza. Mnasemaje?

Kipanga: Wavivu tu. Saa 507 ni miezi mitatu na ushee ya mtu wa ofisini, halafu unalelewa mwaka mzima. Chukua Michel Galabru, mwigizaji Mfaransa wa nafasi za pembeni: kacheza filamu zaidi ya 200, nyingi takataka, na mpaka anakufa alikuwa yule askari mnene wa kumfokea nyota wa vichekesho Louis de Funès. Bima ingemsaidia nini?

Mama Jukwaa: Askari mnene?! Huyo alikuwa Comédie-Française, jumba la tamthilia la taifa, kuanzia 1950 hadi 1957, kabla hujamwona na kofia ya jendarme, yaani askari polisi. Na hebu rudia kuzitazama zile filamu sita za jendarme, 1964 mpaka 1982. De Funès anarusha mikono, uso unamcheza. Galabru anasimama, anamwacha amalize, kisha anapandisha sauti mara moja. Kicheko kinatokea hapo. Mkikosa mtu wa kumpokea, de Funès anabaki kupiga kelele peke yake.

Kipanga: Kupandisha sauti si kipaji. Angekuwa na kipaji wangempa tuzo.

Mama Jukwaa: Walimpa! César, tuzo ya filamu ya Ufaransa, ya 1977, mwigizaji bora wa kiume, wala si ile ya nafasi ya pili. Filamu ni Le Juge et l'assassin (Hakimu na Muuaji) ya Bertrand Tavernier, yeye ndiye muuaji Bouvier.

Msomaji wa Usiku: Hiyo si alishinda Philippe Noiret?

Mama Jukwaa: Noiret alishinda 1976 kwa Le Vieux Fusil. Kwenye hii ya Tavernier Noiret ndiye hakimu, na tuzo ikaenda kwa muuaji.

Fundi Taa: Mmeacha swali mnagombania vikombe. Kipanga, hesabu yako haijakaa sawa. Mwigizaji kwa kawaida hulipwa kwa kashe, yaani malipo ya mkupuo badala ya kwa saa, na kashe moja inahesabiwa saa 12. Gawanya 507 kwa 12, unahitaji kashe 43. Mwenye sentensi moja anaitwa siku moja, anaondoka na kashe moja. Filamu kumi za namna hiyo ni kashe kumi. Hizo 33 atazitoa wapi? Jukwaani, mikoani, onyesho moja kashe moja. Kufundisha uigizaji kunahesabika, ila mwisho saa 70 kama hujafika miaka 50, tena chuo kiwe kimeidhinishwa. Watu wanaangukia hapa: mwajiri lazima atume fomu ya kila mwezi ya kazi uliyofanya. Kikundi kidogo kikisahau kuituma, au kikikulipa mkono kwa mkono, saa hizo hazipo. Ukifika tarehe yako ya mwaka, ile ya kuhesabiwa saa, na kashe 41, hujafikisha.

Kipanga: Wanaonewa sana, ndiyo maana 2003 wakagoma na kuvunja tamasha la tamthilia la Avignon.

Pazia Jekundu: Lilivunjika kwa sababu waigizaji waliambiwa saa zilezile 507 wazipate ndani ya miezi 10 na nusu badala ya 12. Nyota haimgusi hiyo, inamgusa mwenye kashe 43 za kubahatisha. Miezi 12 ilirudi 2016.

Kipanga: Sawa, lakini kwenye filamu ya La Cage aux folles Galabru aliharibu. Mbunge gani yule?

Mama Jukwaa: Yaani bado upo hapo? Charrier, huyo mbunge, ni mlinzi wa maadili anayetoroka waandishi wa habari akiwa amevalishwa nguo za kike. Mwingine angekonyeza watazamaji. Yeye anabaki na uso wa mtu aliyefiwa.

Msomaji wa Usiku: Na 2008 Galabru akachukua Molière, tuzo ya jukwaani, akiwa na miaka 85. Mwaka huohuo yumo kwenye filamu ya vichekesho Bienvenue chez les Ch'tis, mzee aliyekaa kizani anayemtisha mhusika wa Kad Merad kuhusu baridi ya kaskazini.

Kipanga: Dakika chache zile! Kashe ngapi hizo?

Fundi Taa: Wakizipiga siku moja, moja. Saa 12. Bado 495.