Nimlilie vipi mamangu kwenye wimbo?

Kijana wa Likoni: Shikamooni wakubwa. Mamangu alifariki mwaka jana. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi karibu na feri. Nimemtungia wimbo wa taarabu, beti nne, mizani 8 kwa 8, vina vimekaa sawa. Lakini nikiuimba, hata mimi silii. Nimeanza hivi: "Moyo wangu waumia". Kimekosekana nini?

Bi Mkubwa, Kibokoni: Marahaba mwanangu, pole sana. Moyo wa kila mfiwa waumia. Mahamri ni yake yeye! Nioneshe alivyosukuma unga alfajiri, alivyokuamsha wewe. Kitu kimoja tu, ulichokiona kwa macho yako. Maneno "machozi" na "huzuni" yafute yote, niachie mimi nilie.

Mpiga udi: Nakubaliana na Bi Mkubwa. Na usikimbilie utao, ile nusu ya pili ya mstari. Ukishamaliza ukwapi, yaani nusu ya kwanza, vuta pumzi, acha udi ujibu.

Kijana wa Likoni: Ahsanteni. Nimerudi jikoni kwake jana usiku, nikaandika: "Kikapu ki ukutani, na iliki yanukia". Ubeti sijaumaliza. Nimeshindwa kuuimba, sauti imekatika.

Bi Mkubwa, Kibokoni: Hapo hapo, mwanangu. Usiuguse mstari huo.