Mjadala: Asiyetoa pesa anasaidia shirika la hisani, au analiongezea mzigo?

Mleta mada: Wadau, kuna kauli tumeizoea: "Kama huna pesa toa muda, kama huna muda toa vitu." Nimejitolea miaka minne kwenye shirika linalohudumia wagonjwa wasio na ndugu, kwanza stoo, baadaye kwenye hesabu, na kauli hiyo siikubali tena ilivyo. Ninavyoona mimi, msaada usio wa pesa unaweza kuishinda pesa, ila uwe umeombwa na anayeupokea.

Siku yangu ya kwanza stoo nilikabidhiwa maboksi kumi na moja. La kwanza nilikuta kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, koti lililokatika zipu, na mashuka yaliyokunjwa kabla hayajakauka, yameshaota ukungu. Chini kabisa chupa ya dawa ya maji, nusu imeshanywewa, maandishi yake hakuna aliyeweza kuyasoma. Watu watatu tulishinda pale tukichambua, na vilivyofaa havikujaza maboksi mawili. Vilivyobaki shirika likalipia gari la taka.

Jambo hili ni kubwa kuliko stoo yetu. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa: dawa ikifika nchi inayopokea iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, na maandishi yake yaeleweke kwa wahudumu wa huko. Pamoja na mwongozo huo, baada ya tsunami ya Desemba 2004 Aceh, Indonesia, ililetewa shehena za dawa ambazo hazikuhitajika, na watu waliokuwa na maiti wa kuzika wakabaki na kazi ya kuziteketeza.

Mchangiaji wa kwanza: Unawavunja moyo wanyonge. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenye kiatu kimoja akitoa kimoja, wewe nani umkatae?

Mleta mada: Ndugu yangu, methali hiyo naipenda, na simkatai mnyonge. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kufunga boksi tupige simu tuulize. Simu moja tu. Na mnyonge huyo ana vitu ambavyo tajiri hawezi kuvinunua. Chukua damu. Chembe nyekundu zinatunzwa siku 42 hivi, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, siku 5 tu kwa kawaida. Kwa hiyo anayerudi kuchangia kila muda wake unapofika, kimya kimya, ndiye anayeishikilia benki ya damu. Umati unaojaa siku ya ajali na kupotea mwaka mzima hauwezi kuziba pengo lake.

Au chukua ujuzi. Tulikuwa na mama mmoja, mhasibu mstaafu. Kila Alhamisi saa nane anaingia, anavaa miwani, anamwaga mezani risiti zilizosongwa kwenye mfuko wa plastiki na kuzipanga moja moja kwa tarehe. Hakuna aliyempiga picha. Ila mkaguzi alipokuja akakuta kila shilingi ina karatasi yake, na mfadhili aliyekuwa ameanza kusita akaendelea na sisi.

Hata safari si lazima. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010, watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walikaa majumbani mwao wakachora barabara za Port-au-Prince kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, kwa kufuatisha picha za satelaiti, na waokoaji wakaitumia ramani ile.

Mchangiaji wa pili: Mimi nina hoja nyingine. Mashirika mengine yanajificha kwenye neno "kujitolea" ili yasilipe mishahara. Kijana anafanya kazi ya mtu mzima mwaka mzima, anaondoka na cheti.

Mleta mada: Hapo umenigusa, na sina la kupinga. Nimewaona. Kazi ya kila siku, asubuhi hadi jioni, ni ajira na ilipwe. Kujitolea kuwe na saa zake na mwisho wake.

Mchangiaji wa tatu: Ongezeni na wanaokwenda vituo vya watoto yatima wiki mbili. Mtoto anamzoea, kisha mgeni anaondoka.

Mleta mada: Kabisa. Kama una wiki mbili, paka rangi, tengeneza kompyuta, panga mafaili. Kuwalea waachie walezi watakaokuwepo hata mwakani.

Sasa niwarudishie swali lililotugawa kwenye kikao chetu cha mwisho. Anayejitolea arudishiwe nauli au asirudishiwe? Wenzangu wanasema akirudishiwa, moyo wa kujitolea umekwisha. Mimi nasema bila nauli tutabaki na wenye uwezo peke yao. Yule mama wa Alhamisi alikuwa akija kwa miguu. Karibuni.