Mikokoni Mikindani, Mtwara, na darasa la sita: niende saa ngapi, wapime nini?

MwalimuWaPwani: Habarini walimu wenzangu. Nina wanafunzi 48, nataka wakajifunze sayansi na hisabati mikokoni. Nachelea wataishia kukimbiza kaa, au maji yatatukuta ndani. Nipange vipi?

Bamvua: Anza na siku, mwalimu. Nenda siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kila kukicha yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukiahirisha wiki moja utakuta maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, na asubuhi bahari imejaa mpaka kwenye miti. Ingieni saa moja kabla ya kupwa kabisa, mtoke yakianza kurudi. Jana yake waulize wavuvi wa palepale. Watoto wavae raba za kufunga kamba. Ndala zinabaki topeni, na chaza walioganda kwenye mizizi wanakata kama wembe.

HesabuNje: Hisabati ianze saa 3, kabla ya kushuka. Simamisha kijiti cha mita 1 wima, kivuli chake na cha mti vipimwe kwa wakati mmoja. Kijiti kikitoa sm 125 na mti m 7.5, urefu wa mti ni m 6. Msingoje adhuhuri: Februari na Oktoba jua linapita utosini kwetu, na kwenye kivuli cha sm 5, kosa la sm 1 limeharibu jibu zima. Chagua mnazi uliosimama peke yake, mahali tambarare.

Mchu: Makundi 8 ya watoto 6. Kila kundi kamba ya m 4 yenye fundo kila mita, wafanye mraba wa mita 1 wahesabu mizizi ya mchu, mti mmojawapo wa mikokoni, iliyochomoza kama penseli. Inapumua, maana tope halina hewa. Mraba mmoja karibu na maji, mwingine katikati, wa tatu ukingoni. Wakiachwa wachague watakwenda penye mizizi mingi, basi watembee hatua kumi waweke walipofika. Kisha walambe jani la mchu: lina chumvi, siku kavu hata punje nyeupe zinaonekana. Jani la mkoko wenyewe, ambao ni mti mwingine, halina, kwa sababu ule huchuja chumvi mizizini. Hapo waache wabishane, ndilo somo lenyewe.

MwalimuWaPwani: Ahsanteni sana. Waandikie daftari?

Mchu: Karatasi ngumu na penseli. Wino ukilowa unasambaa.