Nguzo imeshika dari ya juu, sasa ya chini yapasuka. Nifanyeje?

BintiMkomani
Assalamu alaikum. Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu, ya mawe na chokaa, ina ghorofa moja. Mama amelala chumba cha chini kwa sababu miguu haimruhusu ngazi.

Mwaka jana tuliweka tangi la lita 1,000 darini, maana maji ya mfereji huja usiku tu. Baada ya masika, dari ya chumba cha juu ikabonyea. Fundi akaleta nguzo ya mkoko, akaisimamisha katikati ya chumba na kuigongea kabari juu hadi ikakaza. Tukashukuru. Wiki tatu baadaye, chumba cha mama, pale pale chini ya nguzo, plasta imepasuka mstari mrefu na vumbi la chokaa lamdondokea kitandani.

Fundi asema ni plasta tu, ataiziba kwa simiti. Mimi sikuridhika. Nilifunga uzi ukuta hadi ukuta, usawa wa tumbo la boriti. Boriti mbili zimeshuka chini ya uzi vidole viwili, jirani zao zagusa tu. Chumba kina upana wa futi 9, urefu 20. Nguzo si ndiyo ya kubeba? Mbona imetuletea hili?

Kijana_Langoni
Dada, mwaga slebu ya zege juu ya dari hiyo, sentimita 15 na nondo, usahau habari za boriti.

MzeeWaChokaa
Waalaikumu salaam mwanangu. Kabla hujasoma zaidi, mwaga maji ya tangi leo hii. Lita 1,000 ni kilo 1,000. Mama asirudi chini ya ule ufa, na nguzo ya juu usiitoe bado.

Sasa nikueleze. Nguzo haiumalizi uzito, huupokea kichwani na kuushusha miguuni. Fundi wako alitazama kichwa, hakutazama mguu umekanyaga nini. Umekanyaga katikati ya boriti za chumba cha mama, na hapo ndipo boriti inapopindika kwa urahisi kuliko pote. Mzigo uliotandazwa juu ya boriti, ukiukusanya wote katikati, nguvu ya kuipinda huwa mara mbili ya ile ya mwanzo. Ukiusogeza karibu na ukuta, boriti hata haihisi, ukuta ndio unaobeba.

Tazama nyumba zetu zilivyo. Msana wa tini na msana wa yuu, zile kumbi za mbele, na ndani, chumba cha nyuma yake, vyote ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali. Nenda Gede ukatazame magofu, vyumba ni vyembamba vilevile. Wazee hawakuhitaji nguzo katikati ya chumba: ukuta wa juu umekaa juu ya ukuta wa chini, uzito washuka moja kwa moja hadi ardhini.

Nilipokuwa kijana wa kukoroga chokaa, nilisimamisha nguzo juu ya sakafu ya ghorofa bila ubao chini yake. Asubuhi tulikuta imetoboa chokaa na kuzama kiganja kizima. Tangu siku hiyo sisimamishi mti kabla sijashuka kutazama chini yake kuna nini.

Anza chini kabisa. Weka nguzo mbili chumba cha mama, na juu yake gogo la kukingama na boriti, ili mzigo ugawike kwa boriti tano au sita, si mbili. Kila nguzo ikanyage ubao mnene. Nguzo ya sentimita 20 kwa 20 ukiipa kitako cha 60 kwa 60, uzito uleule umeenea mahali mara tisa. Kabari igongwe polepole hadi ikaze tu, usijaribu kuinua dari. Nguzo ya juu ihamishwe isimame sawasawa na ya chini. Halafu chukua msumari mrefu, uchome ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Unyevu huanzia huko, na msumari ukizama kwa wepesi, ujue mti umeoza.

Na wewe Langoni, mwanangu, slebu hiyo kwa chumba hicho ni kama tani 6. Unaziweka juu ya boriti zilizokwisha kuchoka?

MhandisiMalindi
Mzee amesema kweli, sina la kupinga. Naongeza moja: nguzo nyembamba ndefu haipondeki, hupinda ubavuni kwanza. Leonhard Euler alilipigia hesabu hili karne ya 18. Urefu ukiwa mara mbili, uwezo unashuka hadi robo. Kwa hiyo dada, chagua miti iliyonyooka, na uifunge mbao za mshazari katikati isiende upande.

Simiti usiipake. Ni ngumu kuliko ukuta wa matumbawe, na hufungia unyevu ndani. Na kwa kuwa mji huo ni urithi wa dunia tangu 2001, zungumza na watu wa Makumbusho kabla ya kubadilisha boriti.

BintiMkomani
Allah awalipe. Tangi tumelimwaga siku ileile na kulishusha. Ndugu yangu na fundi mwingine wamesimamisha nguzo mbili chini, gogo limekingama, kisha wakahamisha ya juu. Nilishika mkono wa mama walipokuwa wakigonga kabari, kila pigo alikuwa akisoma.

Msumari tumeuchoma. Boriti mbili zilizoshuka ni ngumu. Lakini ya tatu, upande wa choo, msumari umeingia hadi kichwani kama mtu achomaye mkate. Kumbe huyo ndiye alikuwa amewaachia wenziwe mzigo. Uzi nimeuacha pale pale, leo siku ya tano boriti hazijashuka zaidi. Tangi nikilirudisha, niliweke wapi?

MzeeWaChokaa
Juu ya makutano ya kuta mbili, kwenye magogo mawili yanayokanyaga ukuta kwa ukuta, yasiguse dari. Boriti mpya iwe mkoko uliokauka. Choo mtafute kinavuja wapi kabla hujaiingiza.

BintiMkomani
Bomba limeonekana, chini ya sinki. Fundi wa mabomba anakuja kesho baada ya alasiri.